Ushenga wa Baruti Kati ya Reli na Barabara

Vijana wangu,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopitiwa na upepo, na mahali pengine mtakuta nimeweka r panapotaka l, maana nyumbani kwetu hatukuwahi kugombana kwa ajili ya herufi hizo mbili. Shule niliishia ya msingi. Naandika polepole, kiasi kwamba mke wangu amekwisha kuniuliza kama naandika Biblia upya.

Naandika kwa sababu nilishindwa kusema. Mlipokuja Mbeya kwa mafunzo ya ulinzi wa njia ya reli, mkaniita mimi mstaafu nije kuwasalimia, kijana mmoja alisimama akauliza hivi: "Mzee, tunasikia mataifa makubwa yenye ugomvi yanasema yatasaidiana kuwazuia magaidi. Watu wasioaminiana wanasaidianaje?" Mkanigeukia wote. Mimi nikaangalia viatu vyangu, nikasema, "Ni vigumu," nikakaa. Ndivyo nilivyo tangu ujana wangu, mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Jibu lilinijia nilipokuwa nimeshafika nyumbani Kihesa, Iringa, navua soksi. Basi hili hapa, kwa karatasi.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa mlinzi wa njia upande wa Wachina waliokuwa wanajenga reli, kule tambarare ya Usangu, kati ya Chimala na Igurusi. Kaka yangu Festo alikuwa upande wa pili, kwa Wamarekani wa barabara. Alikuwa mtu wa baruti kwenye machimbo yao ya kokoto. Kazi ya baruti alijifunzia Chunya, kwenye dhahabu, na alirudi kutoka kule na kikohozi na majivuno. Mama alituzaa wote wawili Iringa, akatulisha chungu kimoja, halafu dunia ikatugawa: mimi nikala wali wa Wachina, yeye akala nyama ya kopo ya Wamarekani.

Palikuwa na mahali ambapo barabara, reli na bomba la mafuta ya kwenda Zambia vilibanana kati ya kilima na mto. Ukitupa jiwe kutoka kwenye lami, lilivuka bomba na kuangukia kwenye tuta la reli. Tulipaita Koo, kwa sababu kila kilichokwenda kwa majirani zetu kilimezwa pale. Machimbo ya Wamarekani yalikuwa juu ya kilima hicho hicho. Wachina walikuwa wanakata mwamba upande wa chini ili reli ipite. Kambi mbili za baruti, zinasikiana, hazisalimiani.

Na kusini kulikuwa na vita. Serikali za walowezi hazikupenda njia ambayo haipiti mikononi mwao. Kwenye mikutano ya kijiji tuliambiwa kwamba watu wanaweza kutumwa kuja kulipua, na kwamba hawatakuja na alama usoni. Usiokote kalamu usiyoijua. Usipokee kifurushi cha mtu unayesema naye mara ya kwanza. Ninyi mmezoea maonyo kama hayo, mnayasikia kwenye simu mnapokula. Sisi yalituingia tumboni. Nilikuwa nikiona kikapu kimeachwa kando ya njia, nazunguka kwa mbali.

Siku moja tulikuta redio imekaa juu ya jiwe kando ya lami, peke yake, inaimba. Watu wakajaa upande wa pili wa barabara kuitazama. Hakuna aliyekubali kuisogelea. Mama Sekela, mwanamke wa Kinyakyusa aliyekuwa akiuza nyanya kwenye kambi zote mbili, akasema, "Angalau ipige wimbo tunaoujua, tufe tukicheza." Ikaimba mpaka betri zikaisha, na ilipoanza kukoroma ndipo tuliogopa zaidi. Baadaye dereva wa lori la mbao la Mafinga akarudi akihema, akaichukua, akatuuliza kwa nini tunamtazama hivyo. Alikuwa ameshuka kujisaidia, akaisahau. Tulicheka, lakini wengine tulicheka tumekaa chini.

Kazi yangu ilikuwa kukagua makalavati, yale matundu ya maji chini ya tuta. Hili nawapa bure, halimo kwenye vitabu vyenu. Usichungulie kalavati kwa haraka. Simama mbali, tazama mdomo wake. Buibui wa Usangu ni mfanyakazi kuliko sisi wote, anafunga utando mdomoni mwa kalavati na anaurudia kila unapokatika. Utando ukiwa mzima na una umande, hakuna aliyeingia. Ukiwa umechanika, usiseme ni mbuzi. Rudi nyuma, ita mwenzako. Mara nyingi atakuwa mbuzi kweli. Mimi nimewahi kumfukuza mbuzi nikitetemeka kama ninamfukuza simba, na mwenye mbuzi akaniuliza kama nina homa.

Sasa nirudi kwenye swali la yule kijana.

Shida yetu ilikuwa mlio. Mchana kutwa Koo lilikuwa linanguruma. Baruti ya Wamarekani, baruti ya Wachina, mwangwi wa kilima, halafu tena. Mkaguzi wa polisi aliyetumwa kutoka Mbeya alisimama pale siku ya kwanza, mkono kiunoni, akauliza, "Adui akilipua bomba sasa hivi, nani atajua kwamba si ninyi?"  Kweli, hakuna ambaye angejua. Tungesikia mlio tukaendelea kunywa chai.

Akaziita kambi zote mbili zije kikaoni. Mkubwa wa Wamarekani tulimwita Bwana Ndevu, na mkubwa wa Wachina tulimwita Bwana Kofia, maana hatukuwahi kukiona kichwa chake. Bwana Ndevu akasema hawezi kukaa meza moja na wale mpaka aulize kwao. Bwana Kofia akasema hivyo hivyo. Mkaguzi akasema basi kila mmoja aandike ratiba yake ya kulipua, wabadilishane. Wakakataa pia. Karatasi ikishatoka mkononi, walisema, haijulikani itasomwa na nani, na saa za baruti zinaonyesha umbali kazi ilikofika. Walikuwa wanashindana, vijana. Kila upande ulitaka dunia ione nani anamjengea Mwafrika vizuri zaidi.

Kichekesho ni kwamba wote wawili walijua Kiswahili. Bwana Kofia alikisema taratibu, kisafi, kama mtu anayepanga vikombe. Bwana Ndevu alikisema kama mtu anayevivunja. Ilikuwa ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo pamoja, na hawakutaka kuitumia.

Aliyetutoa hapo ni Mzee Kapungu. Alikuwa kiongozi wa mgambo wa kijiji, na nje ya mgambo alikuwa mshenga. Nusu ya ndoa za upande ule wa Usangu zilipitia kinywani mwake. Alimwambia mkaguzi, "Afande, kijana akitaka binti, baba zao hawakai pamoja siku ya kwanza. Wengine wana kesi ya ng'ombe kati yao. Anakwenda mshenga. Hao wawili hawaoani, lakini wana binti mmoja wa kumlinda."

"Binti gani?"

"Koo."

Mkaguzi alicheka, kisha akaacha kucheka. Ikawa hivyo. Kila asubuhi Mzee Kapungu alikwenda kwa Bwana Ndevu, akaambiwa kwa mdomo saa za kulipua, akazipeleka kwa Bwana Kofia. Akachukua za Bwana Kofia, akazirudisha. Hakuna karatasi, hakuna kikao, hakuna mtu aliyesalimiana na mtu. Wakaelewana kwamba Wamarekani watalipua asubuhi, Wachina watalipua alasiri, na katikati, wakati wa chakula, kutakuwa na saa ya kimya. Saa hiyo mgambo walikagua Koo lote. Mlio wowote ndani ya saa ya kimya ulikuwa wa adui, na mtu yeyote atakayekutwa pale na nyaya au baruti alikuwa adui.

Nilipata raha kidogo, sitaficha. Masikio yalijifunza. Masanja, mfugaji aliyehamia Usangu kutoka kaskazini na ng'ombe wake wengi, alikuwa pia mgambo mwenye bunduki, na alisema ng'ombe wake wameishika ratiba kuliko polisi. Ilikuwa kweli. Baruti za saa yake zilipolia, walitikisa masikio tu na kuendelea kula.

Magoti ya Mzee Kapungu yalikuwa yameharibika, na kilima kilimshinda. Akatafuta wa kumsaidia. Akanichagua mimi. Nilikwenda kwake kukataa.

"Shikamoo, mzee. Mimi siwezi kusema mbele ya wakubwa."

"Marahaba. Ndiyo maana nimekuchagua. Msemaji anaongeza chumvi. Wewe hata salamu unaitoa nusu."

Akanifundisha tukiwa tunatembea, polepole kwa sababu ya magoti yake. Mshenga anabeba neno alilotumwa, halipunguzi wala halikuzi. Na mshenga habebi alichokiona. "Utaingia kwao," aliniambia, "utaona wana walinzi wangapi, stoo iko wapi, nani ana homa. Watakuuliza huku na watakuuliza kule. Macho yako uyaache langoni. Siku utakayosema ulichoonyeshwa uani, kesho yake lango linafungwa, na Koo halina mtu."

Waliniuliza kweli. Bwana Ndevu alinipa soda baridi akaniuliza, "Wachina wanakula nini? Wako mingi?" Nikasema, "Sikutumwa hilo, bwana." Bwana Kofia alinipa chai akaniuliza kwa upole kama mashine ya Wamarekani ya kusaga mawe bado imeharibika. Nikasema, "Sikutumwa hilo, bwana." Aliinamisha kichwa, na kesho yake chai ilikuwa na sukari. Nadhani wote wawili walikuwa wananipima. Kama ningemjibu mmoja, angejua kwamba namjibu na mwenzake.

Naomba mlitazame hilo kwa makini, maana wengi wanadhani ushirikiano ni kuambiana kila kitu. Sisi tulishirikiana kwa sababu palikuwa na mambo ambayo hayakuambiwa, na kila mtu alijua kwamba hayataambiwa. Lakini hapo hapo ndipo palipokuwa na mtego, na sisi hatukuuona.

Katika kazi ya baruti kuna kitu tulikiita shimo lililolala. Umetoboa mwamba, umejaza baruti, umewasha utambi au umeunganisha waya, umekimbia, na halilii. Limelala. Halijafa. Linaweza kuamka baada ya kitambo, au kesho, au ukiligusa tu. Mtu wa baruti analiogopa shimo hilo kuliko chatu. Na wakubwa wa baruti wanalionea aibu, maana linaonyesha kwamba bidhaa zao ni mbovu au mafundi wao wamekosea.

Asubuhi moja nilikwenda kwa Bwana Ndevu kuchukua neno. Akasema, "Leo kama jana. Asubuhi tu." Nikageuka kuondoka. Festo akanisindikiza mpaka langoni. Alikuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo alisema chini chini, kwa Kihehe, kama tulivyozoea tukiwa wawili.

"Jana shimo moja limelala."

"Lipi?"

"Lile la ukingoni, juu ya bomba. Mkubwa hataki Wachina wajue. Anasema watacheka mpaka kwao wasikie."

"Mkaguzi anajua?"

"Akijua mkaguzi, wamejua Wachina. Nitalishughulikia mimi mwenyewe, kimya kimya."

"Kaka, lini?"

"Wewe umetumwa kuuliza?" akacheka, akanipiga begani. "Nenda, mshenga. Na wewe mwenyewe unaoa lini?"

Nikamkuta Mzee Kapungu amekaa kwenye tuta ananisubiri. Nikamweleza. Mzee alikanda goti lake. Kisha akauliza, "Nani alikutuma neno hilo?"

"Hakuna. Ni kaka amenong'ona."

"Basi ni la uani."

"Mzee, ni baruti."

"Najua ni baruti. Ukilipeleka bila kutumwa, Bwana Ndevu kesho hatoi neno lolote, na tutarudi kwenye kelele. Kesho jioni nitamwendea mwenyewe, nimwombe alitume. Mkwe mwenye aibu haburutwi."

Nikapeleka nilichotumwa: leo kama jana. Bwana Kofia akaitikia kwa kichwa. Chai yake niliiacha kikombeni.

Saa ya kimya ilipoingia, nilikuwa Koo na mgambo. Masanja mbele na bunduki, mimi na mzee nyuma. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na sauti hata ya ndege. Nakumbuka niliona utando wa buibui mzima kwenye kalavati, nikasema moyoni, leo salama.

Ndipo kilima kilipolia.

Ng'ombe wa Masanja waliinua vichwa wote pamoja, wakakimbia. Hawakukimbia hivyo tangu ratiba ianze. Masanja hakuwaangalia. Akapiga goti, akakoki bunduki. Vumbi likatanda juu ya bomba, mawe yakawa yanashuka, na Wachina walinzi wakaja mbio kutoka upande wa reli, Bwana Kofia akiwa nao.

Katikati ya lile vumbi akatoka mtu. Alikuwa mwekundu kwa damu na mweupe kwa unga wa mawe, huwezi kujua ni mtu wa rangi gani. Mkononi alikuwa na waya unamfuata nyuma kama mkia. Anateremka moja kwa moja kuelekea bomba.

"Simama," Masanja akaita. "Mikono juu."

Hakusimama.

"Nakuambia simama."

Anakuja tu, anayumba, waya mkononi. Kwa mapatano yetu wenyewe, yule alikuwa adui. Saa ya kimya, Koo, waya, na haitiki. Hapakukosekana kitu hata kimoja. Mimi nilimjua kwa mwendo wake, maana mguu wake mmoja hukanyagia nje tangu alipoanguka mtini utotoni. Na nilijua kwa nini hasimami. Mlio ulikuwa umemziba masikio. Alikuwa haisikii amri ya kumwokoa.

Mimi ambaye nashindwa kusema mbele ya watu nilikwenda nikasimama mbele ya mdomo wa bunduki. Sikufanya kwa ushujaa. Miguu ilikwenda, mimi nikaikuta huko.

"Ni kaka yangu," nikasema.

"Toka mbele, Yohane. Kila adui ana mdogo wake."

"Ni Festo wa machimbo. Shimo lililala jana. Limemwamkia, hasikii."

"Shimo gani? Neno la leo ulileta wewe. Ulisema leo kama jana. Uliongopa asubuhi au unaongopa sasa?"

 Mzee Kapungu akaja akichechemea, akasimama karibu yangu. Akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Neno hilo umetumwa?"

"Sikutumwa, mzee."

"Basi halina mwenyewe bado." Akanyoosha fimbo yake kuelekea barabarani. Landrova ya Bwana Ndevu ilikuwa imesimama, na mwenyewe alikuwa ameshuka, ndevu zimejaa vumbi. "Mwenyewe ni yule. Aulizwe yeye."

Festo miguu ilikuwa imemwishia, amekaa chini juu ya bomba, anajishika kichwa. Waya bado mkononi. Masanja hakuwa ameshusha bunduki, aliielekeza kwake kupita begani kwangu, na kidole nilikiona. Nilikuwa nauona mlango wa nyumba yetu Kihesa na mama amesimama, na mimi namweleza kwamba nilikuwepo.

 Bwana Ndevu alimtazama Festo, akamtazama Bwana Kofia aliyesimama na watu wake upande wa pili wa bomba. Niliuona uzito wake, na mpaka leo simcheki. Akikubali, Wachina wamejua baruti yake inalala, na kwamba alificha. Habari hiyo ingekwenda mbali kuliko mimi ninavyoweza kufika. Akinyamaza, kuna mfanyakazi mmoja mweusi aliyekutwa na waya, na hakuna anayemuuliza tena.

Akatembea mpaka kwenye bomba. Kwa mara ya kwanza tangu wafike Usangu, akasema na Bwana Kofia uso kwa uso, kwa Kiswahili, maana hawakuwa na kingine.

"Shimo yangu," akasema. "Jana ilikataa. Mimi najua. Mimi hapana sema."

 Nilidhani Bwana Kofia atatabasamu, na kama angetabasamu sijui ingekuwaje. Alivua kofia yake. Nywele zilikuwa chache, zimelowa jasho.

"Sisi pia tunayo mawili," akasema polepole. "Pale kwenye mwamba, chini ya daraja. Hatukusema."

Tuligeuka wote kuutazama ule mwamba. Tulikuwa tumepita juu yake asubuhi ile, na asubuhi ya kabla yake.

Masanja akashusha bunduki. Alikuwa na hasira kama mtu aliyeponea kuzama. "Nilikuwa namuua mtoto wa mtu," aliwaambia wote wawili, "kwa sababu ya heshima zenu." Akaenda kutafuta ng'ombe wake.

Kambi ya Wachina ilikuwa karibu zaidi, na walikuwa na daktari. Bwana Ndevu alimbeba Festo mwenyewe mpaka kwenye Landrova, akaendesha mpaka kwenye lango lao, na lango likafunguliwa. Nilikaa nyuma nimeshika kichwa cha kaka. Daktari alitoa vipande vya mawe usoni mwake mpaka jua lilipoinama, na Bwana Ndevu alisubiri nje amekaa kwenye gogo, akapewa chai kama ile yangu. Hakuna aliyesema naye, na hakuna aliyemfukuza.

Tangu kesho yake neno la asubuhi likawa na sehemu mbili: saa zetu ni hizi, na mashimo yetu yaliyolala ni haya, yako hapa. Siku za mwanzo walilitoa neno hilo la pili kama mtu anayeng'olewa jino. Baadaye likawa la kawaida. Na mkaguzi akabadili amri ya mgambo: mlio wa saa ya kimya uulizwe kwanza kwa mwenyewe, kabla ya bunduki. Msidhani walipendana. Walipopishana barabarani kila mmoja alitazama upande wake. Reli ikaisha, lami ikaisha, wakaondoka kila mtu kwao bila kuagana. Lakini muda wote waliokuwepo, Koo halikuguswa, na hakuna mtu wetu mwingine aliyeelekezewa bunduki kwa kosa la kimya.

Basi, kijana uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Watu wasioaminiana wanaweza kumzuia adui wao wa pamoja. Hawahitaji kupendana wala kuonyeshana stoo. Wanahitaji mtu wa kati ambaye hapelelezi, na wanahitaji kukubali kitu kilicho kigumu kuliko kutoa bunduki, yaani kuambiana walipokosea. Wakubwa wanaambiana nguvu zao upesi sana. Udhaifu wao wanauficha, na sisi tulio katikati ndio tunaokutwa na waya mkononi. Ninapowasikia sasa wakitia saini mikataba kwenye redio, moyo wangu hautulii. Najiuliza wameambiana saa tu, au na mashimo.

Mimi na Mzee Kapungu tulilizungumza jambo lile mara nyingi kabla hajafariki. Yeye alisema kanuni ya mshenga ilikuwa sawa, ila sisi tulichelewa kumwendea mwenye neno. Mimi nilisema kuna maneno ambayo hayana haki ya kulala uani. Hatukuafikiana. Ninyi mtaamua wenyewe siku itakapowafikia, na itawafikia.

Festo yuko Mafinga, ni fundi seremala. Masikio hayakurudi, la kushoto wala la kulia. Anashika mbao kwa kiganja ili ajue msumeno unakwendaje, na meza zake hazichezi.

Nawaomba mniandikie. Kazini kwenu, upande msiouamini unajua nini juu ya makosa yenu, na nani ana ruhusa ya kuwaambia? Mkinijibu kwamba hakuna, niandikieni hivyo hivyo. Barua mpeni mkuu wa stesheni yoyote kati ya Makambako na Mbeya, atanifikishia Iringa. Ila andikeni kwa herufi kubwa na wino mweusi, maana nitazipeleka Mafinga. Kaka atataka kuzisoma mwenyewe, na kumsomea siwezi.